Nimetumia laibrari ya Access tangu 2020, haya ndo maoni yangu

Niko Mombasa, nafanya databesi za biashara ndogo na za kati, chemist, hardware, shule, chama, sacco ya matatu, na karibu wote nawafanyia kwa Microsoft Access, programu ya databesi, manake fomu zinatengenezeka haraka na kompyuta za kawaida za dukani zinaibeba bila kununua seva. Leo nataka kuzungumzia kitu kimoja tu ndani ya hio Access ambacho naona wenzangu wengi hawakigusi, nacho ni kutengeneza databesi moja isiyokua na kazi nyingine ila kubeba fankisheni zako zote, yaani vipande vya programu vyenye jina ambavyo kila kimoja kinafanya kazi yake na kurudisha jibu, alafu databesi za wateja zinaiita hio hio moja. Inaitwa laibrari. Na nikisema kodi hapa namaanisha kodi ya programu, ile ya serikali ntaiita VAT tusije tukachanganyana.

VAT ndo ilonileta huku. Machi 2020 mnakumbuka ilivokua, korona imeingia, tarehe 25 ikatangazwa VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilikua na wateja tisa wanaotoa invoisi, kila mmoja na faili yake, na ndani ya kila faili kuna moduli, yaani ukurasa wa kodi, niliyoikopi kwa mteja wa kabla yake nikaipesti. Nikajiambia ni dakika tano kila mmoja, toa 0.16 weka 0.14, sevu, funga. Haikua hivo hata kidogo. Kwa wa kwanza fankisheni inaitwa HesabuVAT, kwa wa tatu niliibadilisha jina ikawa ToaVAT manake bei zake zina VAT ndani tayari, kwa wa tano kumbe ile 0.16 niliiandika moja kwa moja kwenye kwiri ya ripoti, yaani swali linalovuta data, kwa wa saba iko pote pawili, kwenye moduli na kwenye ripoti. Na kafyu ndo hio, saa kumi na mbili jioni lazima uwe njiani unarudi, kwa hivo wengine niliwafanyia usiku kwa AnyDesk, ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, na intaneti inakatika katika. Mmoja alitoa invoisi za 16 mpaka tarehe 3 na ikabidi awarudie wateja wake mmoja mmoja na kredit noti. Kosa langu, yeye hakujua lolote.

Baada ya hapo ndo nikakaa chini nikaijaribu laibrari vizuri.

Kuiunganisha ni rahisi kuliko watu wanavofikiri. Unatengeneza databesi mpya tupu, unaweka moduli zako, fankisheni ziwe Public, unaipa jina lake la projekti lisilofanana na la faili yoyote ya mteja, mimi yangu inaitwa Maktaba. Alafu unafungua faili ya mteja, Alt na F11 uingie dirisha la kodi, menyu ya Tools, References, Browse, kwenye aina ya faili unachagua databesi za Access, unaionyesha faili yako, OK. Basi. Kuanzia hapo fankisheni zote za kule zinaitika huku kama umeziandika hapa hapa, kwenye fomu, kwenye ripoti, mpaka ndani ya kwiri.

Ya VAT niliiandika hivi:

Public Function KiwangoVAT(ByVal Siku As Date) As Double
    Select Case Siku
        Case Is < #4/1/2020#: KiwangoVAT = 0.16
        Case Else: KiwangoVAT = 0.14
    End Select
End Function

Tazameni inauliza siku. Hapo ndo nilipokua nakosea miaka yote, fankisheni yangu ya zamani ilikua inajua kiwango cha leo tu, kwa hivo ukichapisha upya invoisi ya mwezi uliopita inakupa hesabu ya leo. Hii inaangalia tarehe ya invoisi yenyewe. Januari 2021 VAT iliporudi 16 nikaongeza mstari mmoja katikati, Case Is < #1/1/2021# iwe 0.14 na zilobaki 0.16, nikawatumia faili ya laibrari kwa Google Drive, kila mteja akafunga programu, faili mpya ikawekwa juu ya ile ya zamani, wakafungua. Kazi ya asubuhi moja tena nikiwa nyumbani. Na invoisi ya Novemba 2020 ukiichapisha leo inatoka na 14 yake.

Lakini mmoja hakubadilika. Hardware moja, faili mpya ya laibrari iko pale, naiona kwa macho yangu, na invoisi bado zinatoka 14. Nilizunguka na hio kitu mpaka adhuhuri. Kumbe ndani ya faili ya mteja kulikua na KiwangoVAT nyingine, niliijaribia mle kabla ya kuhamia laibrari na sikuifuta. Sasa hili lishikeni sana wenzangu, Access ikikuta fankisheni mbili zenye jina moja inachukua ile iliyo karibu, iliyo ndani ya faili yenyewe, na haikwambii kitu, hakuna onyo wala kosa. Laibrari yako inakua imekaa tu hapo haina anayeiita. Tangu siku hio nikihamisha fankisheni nafuta ya zamani kwanza, alafu nabonyeza Debug, Compile, ili kodi yote ikaguliwe, na kwenye sehemu nyeti naandika na jina la projekti kabisa, Maktaba.KiwangoVAT, ili isiweze kuchukua nyingine.

Ukiniuliza fankisheni gani imenilipa zaidi ya zote, hata sio ya VAT, ni ya tarehe. Sisi huku tunaandika siku kwanza alafu mwezi, ila ndani ya SQL ya Access, lugha ya kuandikia kwiri, tarehe iliyo kati ya alama za # inasomwa mwezi kwanza, haijali kompyuta yako umeiseti vipi. Ukiunganisha kodi na kisanduku cha tarehe kwenye fomu bila kuigeuza, 05/04/2020 ya tarehe 5 Aprili inakua 4 Mei. Na ubaya wenyewe uko kwengine, ukiweka 13/04/2020 Access inaona hakuna mwezi wa 13 kwa hivo inaigeuza kimya kimya na jibu linatoka sawa. Yaani ripoti iko sahihi kuanzia tarehe 13 mpaka mwisho wa mwezi na imeharibika tarehe 1 mpaka 12, na wewe ukiijaribu tarehe 20 utaapa iko sawa. Keshia wa duka akakwambia mwanzo wa mwezi mauzo hayaonekani unamwona hajui kubonyeza. Dawa ni mstari mmoja:

SikuSQL = Format(Siku, "\#mm\/dd\/yyyy\#")

Mstari huo ninao kwenye laibrari na siandiki tena tarehe kwenye SQL bila kuupitia. Zamani nilikua nao kwa wateja wawili kati ya tisa. Wengine saba walikua na makosa yale yale yamelala ndani, na nisingejua kama nisingeanza kukusanya kodi yote mahali pamoja na kulinganisha. Hio faida sikuitarajia, kule kuhamisha kwenyewe kulinifanya nisome kazi yangu ya miaka upya.

Namba za simu nazo. Fankisheni yangu ya kusafisha simu ilikua inakubali 07 pekee, inazigeuza kua 2547 na tarakimu nane za mwisho ili M-Pesa izikubali. Namba za 01 zilipoanza kutoka, wateja wa mteja wangu wakawa wanaambiwa namba yako sio sahihi. Nikarekebisha mara moja kwenye laibrari, chemist, shule na sacco wakapata siku moja. Na ya kukagua PIN ya KRA, ile ya mlipa ushuru, iko humo pia, herufi mbele A au P, tarakimu tisa, herufi nyuma.

Nyengine ni ya kuandika pesa kwa maneno kwenye risiti. Hii naipenda sana na imenitesa. Bursa wa shule alinipigia akaniambia risiti yake imeandika elfu mia mbili na tano, mzazi anasema amelipa 205,000 na yeye akisoma vile vile anaweza kusema ni 200,005. Na ni kweli, Kiswahili chetu ukitaja elfu mbele namba inayofuata haijulikani inaishia wapi. Nikaibadilisha ikawa inatumia laki na kila fungu linatajwa na koma yake, laki mbili, elfu tano, na ile nyengine laki mbili, na shilingi tano. Niliibadilisha kwa sababu ya shule, na chama cha akina mama ambao hawakua wamelalamika wakapata risiti zilizo wazi jioni hio hio. Kwa kopi-pesti ningesubiri mpaka wao pia wagombane na mtu.

Sasa ubaya wake, manake upo na ni wa kweli.

Mkubwa ni MISSING. Laibrari ni faili nje ya faili, ikipotea databesi nzima inaumwa. Hardware ile ile walinunua kompyuta mpya ya kaunta, fundi wao akahamisha faili ya programu akaiweka Desktop, laibrari akaiacha kwenye kompyuta ya zamani kwa sababu hakujua ni nini. Asubuhi napigiwa mfumo umekufa. Na kitu kinachochanganya ni kwamba Access haikuelekezi kwa laibrari, inasimama kwenye neno la kawaida kabisa kama Trim au Left au Date, fankisheni za Access yenyewe, inasema haioni projekti au laibrari. Mtu mgeni atakaa siku nzima anaitazama Trim ambayo haina kosa lolote. Ukiona Trim imekufa ghafla, fungua References, utakuta pale mstari umeandikwa MISSING. Faili ikirudishwa mahali pake inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kinga niliyoizoea mimi, laibrari inakaa folda moja na faili ya fomu, siku zote, kwa sababu Access ikiikosa kwenye njia iliyoandikwa inaitafuta pia kwenye folda ya databesi yenyewe. Alafu nina kamoduli kadogo kanakofunguka mwanzo kanapitia References kuangalia IsBroken, yaani kama kuna iliyovunjika, na kumwambia mtumiaji kwa Kiswahili faili ya Maktaba haipo, mpigie fundi. Kawe moduli peke yake na kasiite chochote cha kwenye laibrari, la sivyo nako kanaanguka pamoja na wengine.

La pili ni CurrentDb na CodeDb, amri mbili za kuishika databesi, ya kwanza ile iliyofunguliwa na mtumiaji, ya pili ile yenye kodi inayoendeshwa. Ukiwa na jedwali ndani ya laibrari, mfano mimi nina jedwali la kaunti 47, fankisheni ya laibrari ikitumia CurrentDb inaenda kulitafuta kwenye faili ya mteja aliyefungua, hailioni, inatoa kosa namba 3078. Lazima utumie CodeDb ndo iangalie nyumbani kwake. Na kinyume chake ukitaka data ya mteja utumie CurrentDb. Ukilielewa hili mara moja halikusumbui tena, ila DLookup, ya kuchukua thamani moja kwenye jedwali, haina hio CodeDb, inaangalia upande wa mteja, kwa hivo ndani ya laibrari nimeacha kuitumia kwa jedwali za laibrari, nafungua rekodiseti kwa CodeDb na kusoma rekodi mwenyewe.

Tena usibadilishe kodi ya laibrari ukiwa umeingia kupitia faili ya mteja. Inakuruhusu kuandika, inafanya kazi kabisa pale pale, ukifunga imeenda. Funga kila kitu, ifungue laibrari yenyewe, badilisha, compile, sevu. Na huwezi kuiweka faili mpya juu ya ya zamani mtu akiwa ndani, imefungwa, kwa hivo mimi nafanya kabla duka halijafunguliwa.

Moduli za klasi, zile za kutengeneza aina zako mwenyewe za vitu, zinataka kubadilishwa mpangilio wa Instancing iwe PublicNotCreatable alafu uandike fankisheni ya kuzizalisha, mimi ninazo mbili tu, sina mengi ya kusema hapo. Ya biti 32 na 64 muangalie sana kama mnatoa ACCDE, faili ambayo kodi yake haionekani wala kubadilishwa, iliyotengenezwa kwenye Office ya 64 haifunguki kwenye ya 32 wala kinyume chake, na kodi yoyote inayoita Windows kwa Declare inataka neno PtrSafe ili iende kwenye ya 64. Huku kwetu bado unakuta duka moja lina zote mbili, kwa hivo laibrari naiacha ACCDB, faili ya kawaida ya Access.

Kuna wanaosema hio yote ya nini, toa moduli kama faili za maandishi za .bas, ziweke Git, ya kutunza kila toleo la kodi, kila mradi uingize zake. Nimefanya na bado nafanya, Git ninayo kwa ajili ya historia, nione nilibadilisha nini na lini. Lakini kuingiza moduli ni kopi-pesti ile ile ilovaa nguo nzuri, siku VAT ikibadilika bado unafungua faili tisa moja baada ya nyingine. Faida yake ni kwamba mteja mmoja hawezi kuharibika kwa sababu ya mwengine, na hio ni faida ya haki, kwa sababu laibrari ukiikosea unawakosea wote kwa mpigo. Kwa hivo kabla sijaitoa ina faili yake ya majaribio, naipa kila fankisheni namba na tarehe ninazojua majibu yake, 31 Machi 2020, 1 Aprili 2020, 31 Desemba 2020, 1 Januari 2021, ikikosa hata moja haitoki.

Na sio kila kitu kinaingia humo. Mwanzo nilijaza, fomu, ripoti, mpaka sheria za mkopo za sacco, ikawa kubadilisha riba ya sacco kunanilazimu nifikirie chemist. Nilizitoa zote. Kipimo changu sasa, fankisheni ikihitaji kujua mteja ni nani, inabaki kwa mteja. Makato ya mishahara yaliingia kwa sababu ni ya nchi nzima, SHIF, ya bima ya afya, asilimia 2.75 na isipungue shilingi 300, ya nyumba za serikali asilimia 1.5, hayo ni ya kila mwajiri. Posho ya dereva wa matatu haiingii.

Upande wa bei, laibrari haina bei, imo ndani ya Access yenyewe. Mimi nina Access kamili kwenye laptopu yangu ya kazi, wateja wengi wana Access Runtime, ya kuendesha tu bila kutengeneza, ambayo Microsoft wanaitoa bure na inaisoma laibrari bila shida, kwa hivo mteja halipii chochote cha ziada.

Naipa 4 kwa 5. Ile moja naikata kwa sababu ya MISSING na vile inavyomdanganya mtu kwa kusimama kwenye Trim. Mwenye mteja mmoja au wawili hana haja nayo, akifika watatu aanze.

Saa hii ina fankisheni 34. Sacco data yao inakaribia GB 2 ambayo ndo mwisho wa faili ya Access, kwa hivo tunahamisha jedwali ziende SQL Server Express 2022, seva ya databesi ya Microsoft, ambayo databesi moja inafika GB 10, fomu zibaki Access na laibrari ibaki ilipo. Nishajaribu na jedwali zilizounganishwa kwa ODBC, daraja kati ya Access na seva, KiwangoVAT inaitika vile vile. Ila ukiiweka kwenye WHERE, sehemu ya kwiri inayochuja rekodi, seva haiijui, Access inalazimika kuvuta rekodi zote mpaka kwenye kompyuta ndo ichuje, na kwa rekodi za safari za matatu za mwaka mzima utangoja sana. Iacheni kwenye SELECT, sehemu inayotaja cha kuonyesha, kuchuja mchuje kwa tarehe tupu.